Lango na Kibali: Uchambuzi wa Kisa cha Kufungwa kwa Chuo Kikuu cha Birzeit

Tarehe 29 Aprili 1992 wanafunzi wa sayansi na uhandisi wa Chuo Kikuu cha Birzeit, katika Ukingo wa Magharibi wa Mto Yordani, waliruhusiwa kurudi kwenye kampasi yao. Wenzao wa masomo mengine waliambiwa wasubiri. Lango lilikuwa limefungwa kwa amri ya jeshi la Israeli tangu Januari 1988, jumla ya miezi 51, muda ambao kijana aliyeanza mwaka wa kwanza angeweza kumaliza shahada ya miaka minne na akabakiwa na miezi mitatu ya kutafuta kazi.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha lango: lilifungwa, likafunguliwa, masomo yakaendelea. Makala haya yanakisoma kwa namna nyingine. Lango lilikuwa sehemu inayoonekana kwa macho ya mfumo ulioanza miaka mingi kabla yake na uliodumu baada yake, mfumo ambao ndani yake mambo makubwa ya chuo, kama vile nani afundishe, nani aje kusoma, kitabu gani kiingie na mhadhiri gani aruhusiwe kulala Ramallah usiku wa leo, hutegemea kibali cha kamanda wa jeshi ambaye watu wa chuo hawakumchagua na hawana njia ya kumwondoa. Asiyeuona mfumo huo wa vibali atadhani kwamba tatizo lilikwisha mwaka 1992.

Chuo kilivyozaliwa

Birzeit ni mji mdogo kaskazini mwa Ramallah. Mwaka 1924, Palestina ikiwa chini ya utawala wa Uingereza, mwanamke aitwaye Nabiha Nasir alifungua hapo shule ya wasichana. Shule ilikua, mwaka 1953, wakati Ukingo wa Magharibi ukiwa mikononi mwa Jordan, ilianzisha madarasa ya mwaka wa kwanza baada ya sekondari, na kufikia 1967 ilikuwa imeacha madarasa ya chini na kubaki chuo cha miaka miwili. Mwanafunzi aliyetaka shahada kamili alimalizia masomo yake Beirut, Cairo, Amman au ng'ambo.

Vita vya Juni 1967 vilibadili hesabu hiyo. Israeli iliuteka Ukingo wa Magharibi, na kijana aliyevuka Mto Yordani kwenda kusoma sasa aliondoka na kadi ya kutokea yenye muda maalumu, ambao ukipita bila kadi kuhuishwa alihesabiwa kuwa amehama. Kati ya 1967 na 1994 takriban wakazi 140,000 wa Ukingo wa Magharibi walifutiwa ukazi wao kwa utaratibu huo, na wengi wa watu wa namna hiyo walikuwa wametoka kwa sababu za kawaida kabisa, kazi na masomo zikiwamo. Mzazi aliyempeleka mwanawe chuoni nje alikuwa anacheza bahati nasibu na haki ya mwanawe ya kurudi nyumbani.

Ndiyo maana wazo la chuo kikuu cha nyumbani lilipata nguvu miaka ya 1970. Birzeit iliamua mwaka 1972 kufundisha hadi shahada ya kwanza, ikachukua jina la chuo kikuu mwaka 1975, na mwaka 1976 ikafanya mahafali yake ya kwanza ya shahada. Bethlehem, Nablus, Hebron na Gaza nazo zilipata vyuo vikuu katika muongo huohuo.

Hapa inafaa kuisikiliza hoja ambayo maafisa wa Israeli wameirudia tangu wakati ule, kwamba chini ya Jordan hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika Ukingo wa Magharibi, na kwamba vyote vilichipuka chini ya utawala wao. Kwa kalenda, hoja ni sahihi. Udhaifu wake ni kwamba inahesabu ruhusa kuwa ni mchango. Fedha zilitoka kwa Wapalestina wenyewe na wafadhili wa nchi za Kiarabu na kwingineko, walimu walikuwa wao, na haja yenyewe ilichochewa na kufungwa kwa njia ya kwenda kusoma kwingine. Kilichotolewa na serikali ya kijeshi kilikuwa kibali, na kibali kilichotolewa kwa hisani huweza kutwaliwa siku hisani ikiisha.

Mkuu wa chuo anayeongoza akiwa ng'ambo

Usiku wa Novemba 1974 Hanna Nasir, mwanafizikia aliyekuwa mkuu wa Birzeit, aliitwa na wanajeshi, akafungwa macho na kusafirishwa pamoja na wenzake hadi mpaka wa Lebanon, ambako aliachwa. Hakushtakiwa mahakamani. Alikaa uhamishoni hadi 1993, miaka 19 kasoro, na muda wote huo aliendelea kuhesabiwa kuwa mkuu wa chuo, akifanya kazi zake kutoka Amman. Majukumu ya kila siku yalibebwa na Gabi Baramki, mkemia, ambaye aliongoza chuo kwa karibu miongo miwili bila kujiita mkuu wake, kwa kuwa kumbadilisha Nasir kungekuwa ni kukubali kwamba jeshi lina uwezo wa kumwondoa mkuu wa chuo kikuu.

Msimamo huo unaweza kuonekana kama ukaidi wa vyeo. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa kitaaluma wa hali ya juu: chuo kilikataa kuacha swali la nani akiongoze lijibiwe mpakani. Tendo lenyewe lina jina katika sheria. Kifungu cha 49 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinakataza kumfukuza mtu aliyelindwa kutoka ardhi inayokaliwa, mtu mmoja au wengi, kwa sababu yoyote ile. Mahakama Kuu ya Israeli ilikisoma kifungu hicho kwa ufinyu katika kesi za miaka hiyo. Wanasheria wengi wa kimataifa hawakuafikiana nayo.

Amri Namba 854

Kama ningetakiwa kuchagua hati moja tu ya kukieleza kisa hiki, nisingechagua tangazo la kufunga lango. Ningechagua Amri ya Kijeshi Namba 854 ya Julai 1980. Kwa lugha kavu ya marekebisho ya sheria, amri hiyo ilichukua Sheria ya Elimu ya Jordan ya mwaka 1964, iliyotungwa kwa ajili ya shule, na kupanua mamlaka yake hadi vyuo vikuu. Kuanzia hapo chuo kikuu kilihitaji leseni ambayo mamlaka ya kijeshi ingeweza kuitoa au kuinyima. Mhadhiri alihitaji kibali cha kufundisha. Na mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la usalama, au kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, angeweza kuzuiwa asifundishe wala asisome. Mwenye kuijua hali ya Ukingo wa Magharibi, ambako vijana wengi walipitia korokoroni kwa sababu ya bendera, kikaratasi au maandamano, ataelewa kwamba masharti hayo yaliwagusa watu wengi kuliko yanavyoonekana kwenye karatasi.

Vyuo vilikataa kuomba leseni. Kelele zilikuwa kubwa, na baadhi yake zilitoka ndani ya Israeli kwenyewe: mwaka 1981 wanaharakati na wasomi wa Kiisraeli waliunda Kamati ya Mshikamano na Birzeit, wakaandamana na kukamatwa. Utekelezaji wa amri ukalegezwa, lakini haukuachwa wote. Mwaka 1982 wahadhiri wenye pasipoti za nje, wakiwamo Wapalestina waliozaliwa hapohapo ila hawakuwa na kitambulisho cha ukazi, walitakiwa kutia sahihi tamko kwamba hawataunga mkono Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO. Wengi walikataa, na kadhaa walifukuzwa nchini, akiwamo Munther Salah, mkuu wa Chuo Kikuu cha An-Najah cha Nablus. Hata Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wa wakati huo, George Shultz, alilikosoa sharti hilo hadharani, jambo lisilo la kawaida kwa serikali ile.

Kilichofanya sharti la 1982 liwe zito ni kwamba halikumuuliza mhadhiri alichotenda. Lilimtaka aahidi kwa maandishi atakachokifikiri, naye ni mtu ambaye kazi yake ni kufikiri mbele ya wengine. Mhadhiri wa kemia aliyesaini angeendelea kufundisha kemia ileile aliyoifundisha jana; aliyekataa angepanda gari hadi kwenye daraja la Mto Yordani la kutokea nchini, na kemia yake ingeondoka naye.

Miezi 51

Kufungwa kwa lango hakukuwa jambo geni kwa Birzeit ilipofika 1988. Chuo kilikuwa kimekwisha kufungwa kwa amri za kijeshi mara kumi na kadhaa, kwa wiki au miezi, kwa kawaida baada ya maandamano ambayo wanafunzi walirusha mawe na askari wakajibu kwa mabomu ya machozi na mara nyingine kwa risasi. Mwanafunzi mmoja aliuawa katika makabiliano ya aina hiyo Novemba 1984, na wengine wawili Desemba 1986. Jeshi liliviita vyuo vikuu vitovu vya ghasia, na si haki kudai kwamba Birzeit ilikuwa mahali pa utulivu. Siasa za vyama vyote vya Kipalestina zilichemka katika baraza lake la wanafunzi, na uchaguzi wa baraza hilo ulifuatiliwa nchi nzima kama kipimo cha upepo wa kisiasa.

Intifadha, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israeli, ilipolipuka Desemba 1987, amri ya kufunga ilitolewa mwezi uliofuata, kisha ikawa inarefushwa kila muda wake ulipokaribia kwisha. Vyuo vyote vikuu vya Ukingo wa Magharibi na Gaza vilifungwa. Februari 1988 zilifuata shule za Ukingo wa Magharibi, za msingi na za sekondari, na hata za chekechea hazikusalimika. Kwa miaka miwili mitatu iliyofuata zilifunguliwa na kufungwa kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza angeweza kufika la pili bila kujua kusoma.

Birzeit iliendelea kufundisha nje ya lango. Madarasa yalihamia sebuleni, ofisini, katika kumbi za makanisa na misikiti na katika vyumba vya shule vilivyoazimwa, Ramallah na Jerusalem Mashariki. Mhadhiri alikutana na wanafunzi kumi leo katika nyumba moja na kumi wengine kesho katika nyumba nyingine. Somo la fasihi au hisabati liliwezekana hivyo kwa taabu. La uhandisi na la kemia lilikwama pale lilipofika kwenye majaribio, kwa kuwa maabara zilikuwa upande wa pili wa lango. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kwamba sayansi na uhandisi ndizo zilizofunguliwa kwanza mwaka 1992: kwa masomo mengine ilionekana kwamba sebule inatosha. Wapo waliohitimu shahada ya miaka minne baada ya miaka minane, tisa au kumi.

Sasa tufike kwenye tukio ambalo, kwa uchambuzi huu, lina uzito kuliko yote. Agosti 1988 Waziri wa Ulinzi, Yitzhak Rabin, alizipiga marufuku kamati za wananchi zilizoendesha shughuli za mitaa wakati wa Intifadha, zikiwamo zile zilizofundisha watoto waliofungiwa shule, na uanachama ukawa kosa la kifungo cha hadi miaka kumi. Aprili 1989 polisi walitangaza kwamba wamegundua mtandao wa madarasa haramu ya vyuo vikuu vya Ukingo wa Magharibi, yaliyokuwa yakiendeshwa katika shule binafsi za Jerusalem Mashariki.

Madarasa haramu. Neno hilo linastahili kusomwa taratibu. Sababu iliyotolewa ya kufunga kampasi ilikuwa kwamba mkusanyiko wa maelfu ya vijana mahali pamoja huzaa ghasia, na sababu hiyo ina mantiki yake. Mkuu yeyote wa polisi duniani angeielewa. Lakini wanafunzi kumi na wawili waliokaa na madaftari katika chumba cha shule ya watu, kilomita nyingi kutoka kampasi, si mkusanyiko wa maelfu. Walipofuatwa huko, sababu ya usalama wa kampasi ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kuzuiwa ni kufundisha kwenyewe. Mtetezi wa jeshi atasema kwamba madarasa hayo yalikwepa amri halali na kwamba mamlaka inayoacha amri zake zikwepwe haiwezi kutawala. Hoja hiyo ina ukweli, ila inathibitisha kile ambacho wahadhiri walikuwa wakikisema tangu 1980, kwamba aliyejipa mamlaka ya kutoa leseni ya chuo hataishia kwenye jengo.

Sheria inasema nini

Sheria ya kivita ina maneno machache sana kuhusu vyuo vikuu, na mchambuzi asijidanganye kwamba kuna kifungu kimoja kitakachomaliza mjadala. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Nne wa Geneva kinailazimisha dola inayokalia kusaidia taasisi za malezi na elimu ya watoto zifanye kazi vyema. Waliokiandika walikuwa na watoto wadogo akilini, na mwanafunzi wa miaka ishirini na moja hawezi kukitegemea moja kwa moja. Kwa chekechea na shule za msingi zilizofungwa Februari 1988, hata hivyo, kifungu hicho kiko wazi.

Kwa chuo kikuu inabidi kuanzia kwenye Kifungu cha 43 cha Kanuni za Hague za 1907, ambazo Mahakama Kuu ya Israeli yenyewe inazikubali kuwa sheria inayoifunga. Kifungu hicho kinaipa dola inayokalia kazi ya kurejesha na kulinda utulivu na maisha ya umma, na kinaitaka iheshimu sheria zilizopo isipokuwa pale isipowezekana kabisa. Maneno hayo mawili, utulivu na maisha, yamewekwa pamoja. Kamanda anaweza kusimamisha masomo siku moja au wiki moja ili kuzuia umwagaji damu, na mahakama nyingi zingemwelewa. Anapoyasimamisha kwa miezi 51, ametumia nusu ya kwanza ya wajibu wake kuifuta nusu ya pili. Aidha Amri 854 iliibeba sheria ya shule na kuivisha chuo kikuu, na ni vigumu kuona ulazima gani wa kijeshi ulidai kwamba kibali cha kufundisha falsafa kitoke kwa afisa wa jeshi.

Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Nne wa Geneva kinakataza adhabu ya pamoja. Birzeit ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000. Waliorusha mawe walikuwa sehemu yao. Walionyimwa masomo walikuwa wote, pamoja na wale ambao wangejiunga mwaka 1988, 1989, 1990 na 1991 na ambao hawakuwa wamepata hata nafasi ya kukanyaga kampasi.

Upo pia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, ambao Kifungu chake cha 13 kinasema elimu ya juu ifikiwe na wote kwa usawa kulingana na uwezo wa mtu. Israeli iliuridhia mwaka 1991, chuo kikiwa bado kimefungwa, na imeshikilia kwamba haiubebi wajibu huo nje ya mipaka yake. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliukataa msimamo huo katika maoni yake ya ushauri ya Julai 2004 kuhusu ukuta uliojengwa na Israeli katika Ukingo wa Magharibi, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia mkataba huo ilieleza mwaka 1999 kwamba haki ya elimu haifurahiwi kikamilifu bila uhuru wa kitaaluma wa walimu na wanafunzi. Kauli hiyo ndiyo inayoyafunga pamoja mambo mawili ambayo mara nyingi hujadiliwa mbalimbali: uhuru wa kufundisha, na nafasi ya kufika darasani.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuukumbuka mwaka 1990. Aprili ya mwaka huo wanataaluma wa Tanzania walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu Uhuru wa Kitaaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Birzeit ilikuwa imefungwa kwa mwaka wa tatu. Mwezi uliofuata, Mei 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilifungwa na serikali kwa ajili ya mgomo, kikabaki hivyo hadi mapema 1991, na Wakenya nao hawajasahau jinsi Chuo Kikuu cha Nairobi kilivyofungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Nalitaja hili ili kuzuia kosa la kudhani kwamba lango la chuo hufungwa na majeshi ya kigeni peke yake. Tofauti iko mahali pengine: mwanafunzi wa Mlimani aliyefungiwa alikuwa raia wa dola iliyomfungia, na alikuwa na wabunge, magazeti na jamaa walioweza kuisumbua serikali hiyo. Wa Birzeit alipeleka malalamiko yake kwa aliyetoa amri, au kwa mahakama ya nchi ambayo hakuwa raia wake.

Baada ya lango kufunguliwa

Nasir alirudi mwaka 1993, na baada ya makubaliano ya Oslo kati ya Israeli na PLO elimu ya Ukingo wa Magharibi na Gaza ilikabidhiwa kwa Mamlaka ya Palestina. Leseni ya chuo haikutafutwa tena kwa afisa wa jeshi. Kilichobaki mikononi mwa jeshi ni barabara, mipaka na daftari la wakazi, na kisa chetu kikahamia huko.

Machi 2001, katika Intifadha ya pili, jeshi lilichimba barabara inayotoka Ramallah kwenda Birzeit na kuweka kizuizi katika kijiji cha Surda. Wanafunzi walishuka kwenye teksi upande mmoja, wakatembea kwa miguu kupita vifusi, wakapanda teksi nyingine upande wa pili, siku askari walipowaruhusu. Kizuizi hicho kilidumu hadi Desemba 2003. Hapakuwa na amri ya kukifunga chuo kwa ajili ya Surda, na hakuna takwimu ya kufungwa kwa chuo itakayoonyesha mihadhara iliyofanyika mbele ya viti vitupu.

Kilichotokea kwa wanafunzi wa Gaza ni kikubwa zaidi. Mwaka 2000 Birzeit ilikuwa na wanafunzi wapatao 350 kutoka Ukanda wa Gaza. Mwaka 2005 walikuwa 35, kisha wakakaribia kwisha. Hakuna aliyewafukuza chuoni. Vibali vya kutoka Gaza kwenda Ukingo wa Magharibi kwa ajili ya masomo viliacha kutolewa, basi. Wanafunzi kumi wa Gaza waliotaka kusomea tiba ya kazi, yaani kuwasaidia wagonjwa na walemavu kumudu shughuli za kila siku, katika Chuo Kikuu cha Bethlehem, fani ambayo haikufundishwa Gaza, walikwenda Mahakama Kuu ya Israeli. Uamuzi wa mwaka 2007 uliikataa kesi yao, huku majaji wakipendekeza kuwe na njia ya kuangalia maombi ya mtu mmojammoja katika hali za pekee. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wanafunzi ni kundi la umri na mazingira yenye hatari kiusalama. Kwa hoja hiyo mtu hachunguzwi. Umri wake unatosha kumzuia.

Oktoba 2009 mwanafunzi wa kike wa miaka 21 kutoka Gaza, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya biashara hukohuko Bethlehem, alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kitambulisho chake kilionyesha anwani ya Gaza. Usiku huohuo alifungwa pingu na kitambaa machoni, akapelekwa Gaza, miezi miwili kabla ya kumaliza. Jeshi halikumtuhumu kwa tendo lolote la vurugu. Kosa lilikuwa kuwapo Ukingo wa Magharibi bila kibali, naye alikuwa ameishi huko tangu 2005. Mahakama ilimkatalia Desemba. Chuo kikampa njia ya kumaliza masomo yake akiwa mbali, na shahada akaipata.

Kwa upande wa wahadhiri, sharti la 1982 lina mrithi wake. Mgeni anayekwenda kufundisha Birzeit, na mara nyingi mgeni huyo ni Mpalestina mwenye pasipoti ya Marekani au ya nchi ya Ulaya, hupata viza kwa mamlaka ya Israeli. Kati ya 2017 na 2019 wahadhiri saba wa kimataifa wa Birzeit, wanne wa kudumu na watatu wa muda, walilazimika kuondoka au wakazuiwa kurudi kwa sababu viza hazikuhuishwa, na chuo kikaungana na mashirika ya haki za binadamu kulipinga jambo hilo kisheria. Mwaka 2022 mamlaka ya kijeshi ilitoa rasimu ya utaratibu mpya wa kuingia Ukingo wa Magharibi. Rasimu hiyo iliweka kikomo cha wahadhiri 100 na wanafunzi 150 wa kigeni kwa mwaka kwa vyuo vyote vya Kipalestina. Baada ya malalamiko, ya Umoja wa Ulaya na Marekani yakiwamo, vikomo hivyo viliondolewa katika utaratibu uliotangazwa Septemba, ulioanza kutumika Oktoba. Ulazima wa kuomba ulibaki, na anayeamua kama mhadhiri huyu anastahili kufundisha somo hili katika chuo hiki alibaki kuwa yuleyule.

Gaza yenyewe, tangu Oktoba 2023, imevuka mipaka ya uchambuzi wa vibali. Vyuo vyake vikuu vyote vimebomolewa au kuharibiwa. Chuo Kikuu cha Israa kililipuliwa kwa baruti Januari 2024 baada ya kuwa mikononi mwa jeshi, na mkuu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, mwanafizikia Sufyan Tayeh, aliuawa pamoja na familia yake katika shambulio la anga la Desemba 2023. Walimu waliobaki hai walirudia mbinu ambayo Birzeit iliijaribu mwaka 1988, ya kufundisha pasipo jengo, safari hii kwa simu, pale umeme na intaneti vilipopatikana.

Birzeit leo iko wazi. Ina wanafunzi zaidi ya 10,000, na uchaguzi wa baraza lao bado unafuatiliwa nchi nzima. Fomu ambayo mhadhiri wake wa kigeni anapaswa kuijaza kabla ya kusafiri hupelekwa kwa mamlaka ya kijeshi, na muda wa kibali ukikaribia kwisha katikati ya muhula, mkuu wa idara huanza kumtafuta mwalimu wa kumalizia somo.